Ala ya bastola yashonwa Alby: kifuniko kina habari kuliko mtutu

Na Mwandishi Wetu, Alby, Stockholm

SISI tuliokulia kwenye sinema za kauboi tumezoea kuona bastola ikichomolewa kiunoni kabla jicho halijapepesa. Ala yake iko wazi juu, mpini umejitokeza nje, na mkono unasubiri pembeni. Lakini ukitazama picha za zamani za maofisa wa kikoloni waliokuja kwetu, Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, utaona kitu kingine kabisa. Kiunoni kuna mfuko mnene wa ngozi, umefunikwa na kifuniko kikubwa kinachoshuka hadi katikati, kisha umefungwa kwa ukanda na kifungo cha shaba. Bastola yenyewe huioni.

Majira ya baridi yaliyopita, sisi wachache tunaoishi hapa Alby, kusini mwa Stockholm, tumeshona ala moja ya namna hiyo kwa mikono yetu. Haikuwa kwa sababu ya mapenzi ya silaha. Tunaandaa mchezo mfupi wa kuigiza kuhusu vita vya Maji Maji kwa ajili ya watoto wetu. Wengi wao wamezaliwa huku huku, wanawajua wafalme wa Uswidi kwa majina, lakini ukiwauliza Kinjikitile Ngwale alikuwa nani wanabaki kutazamana. Wazazi wao angalau walisoma tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Katika mchezo wetu yumo ofisa wa Kijerumani, na ofisa wa zama zile bila ala kiunoni hajakamilika.

Tuliyojifunza katika kazi hiyo tumeona tuyaweke hapa, kwa faida ya wenzetu wa vikundi vya maigizo na filamu, walio ughaibuni na walio nyumbani. Yako ya ufundi, yako ya sheria, na lipo moja la historia ambalo hatukulitegemea.

Alby yenyewe

Kwa ndugu msomaji uliye mbali, Alby ni kitongoji cha manispaa ya Botkyrka, kwenye njia nyekundu ya treni za chini ya ardhi inayoishia Norsborg. Kituo chake kilifunguliwa mwaka 1975. Mengi ya maghorofa yake ni matunda ya mpango wa serikali wa kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974. Ukipanda treni hapa asubuhi utasikia Kituruki, Kiarabu, Kisomali, na ukitega sikio vizuri utasikia na Kiswahili, cha Bara, cha Mombasa na cha Bukavu.

Alby pia ni mahali pa sanaa. Hapa ndipo penye Subtopia, eneo la wasanii wa filamu, muziki na sarakasi, na kundi maarufu la sarakasi la Cirkus Cirkör lilihamia hapa mwaka 2000. Kwa hiyo mtu anayepita na upanga wa mbao au kofia ya kifalme si kituko kwa jirani. Bastola ni jambo jingine, na hilo tutalifikia.

Kwa nini ifunikwe?

Kwanza tuiweke kando dhana ya kauboi. Ala yenye kifuniko ilikuwa sehemu ya sare ya jeshi, kama buti na mkanda. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuilinda silaha. Ofisa alisafiri kwa miguu, kwa farasi au kwa punda, akapita mvua ya masika, vumbi la kiangazi, majani marefu na mito. Maji yakiingia kwenye mtutu, kutu hufuata. Mchanga ukiingia kwenye silinda, haizunguki. Na bastola isiyofungwa vizuri huanguka njiani bila mwenyewe kujua.

Kazi ya pili ilikuwa kuonyesha cheo. Askari wa kawaida alibeba bunduki ndefu begani. Bastola ilikuwa ya ofisa na wachache waliokuwa chini yake. Kwa hiyo mfuko ule wa ngozi kiunoni ulisema "mimi ni bwana mkubwa" kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Jeshi la Wajerumani lilikuwa na rivolva ya mwaka 1879, yenye urefu wa karibu sentimita 31, na nyingine fupi ya mwaka 1883, ya sentimita 26 hivi. Zote mbili zilichukua risasi sita za kipenyo cha milimita 10.6. Hazikuwa na kijiti chao cha kusukumia maganda. Ukimaliza risasi, ulifungua kidirisha cha pembeni ukatoa ganda moja moja, ukaingiza risasi moja moja. Mtu aliyemaliza sita zake katikati ya mapigano alikuwa hana silaha kwa muda mrefu. Jeshi hilo lilichukua bastola ya kisasa zaidi, ya P08, mwaka 1908, yaani Maji Maji ikiwa imekwisha.

Waingereza walikuwa na rivolva za Webley, ambazo ile ya mwaka 1915, yaani Mark VI, iliingia wakati wa vita vikuu vya kwanza. Mkanda wao mashuhuri, wenye ukanda mwembamba unaopita juu ya bega, una kisa chake. Unaitwa Sam Browne, jina la ofisa aliyekatika mkono wa kushoto vitani India mwaka 1858. Mtu mwenye mkono mmoja hawezi kuishika ala ya upanga huku akichomoa, basi akabuni mkanda unaoikamata ala isiyumbe. Waliokuwa na mikono miwili wakaiga, na mpaka leo mikanda ya maofisa katika majeshi na polisi wa nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza ina asili hiyo.

Waswidi nao wamo

Tulipoanza tulidhani hii ni habari ya Wajerumani na Waingereza tu. Kumbe hata hawa wenyeji wetu wana ukurasa wao. Jeshi la Uswidi lilichukua rivolva ya Nagant mwaka 1887, ya risasi sita za milimita 7.5. Zilitoka kwanza Liège, Ubelgiji, na baadaye zikaundwa hapa hapa kwenye kiwanda cha Husqvarna. Nazo zilivaliwa katika ala ya ngozi yenye kifuniko.

Miaka hiyo hiyo maofisa wa Kiswidi walikuwa wakienda Kongo kumtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mmoja wao, Edvard Gleerup, alikaa kituo cha Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, kisha akavuka bara kwa miguu kwa njia za misafara ya akina Tippu Tip na kutokea Bagamoyo mwaka 1886. Mtoto wa Kikongo anayesoma Botkyrka ana haki ya kujua kwamba historia ya nchi aliyokuja na historia ya nchi alikotoka wazazi wake zilikutana zamani, tena si kwa heri.

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hatukulitegemea. Tulijiuliza: ofisa mmoja wa Kizungu, katikati ya maelfu ya watu wasiompenda, aliwezaje kutembea na silaha iliyofungwa kwa ukanda na kifungo, ambayo kuitoa ni kazi ya sekunde kadhaa? Kauboi angekuwa ameshakufa.

Jibu ni kwamba hakuhitaji kuitoa. Nyuma yake walikuwepo askari wenye bunduki. Katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki walikuwemo Wasudani na watu wa Msumbiji, na baadaye Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Wakati wa Maji Maji wengi wao walibeba Mauser za mwaka 1871. Katika boma la Mahenge, Agosti 30, 1905, bunduki za rashasha ndizo zilizowafyeka wapiganaji waliokuja wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Kwa ofisa, amri ilitosha. Kongo ilikuwa vivyo hivyo, na mbaya zaidi: askari wa Leopold walitakiwa kuleta mkono wa mtu uliokatwa kama hesabu ya kila risasi iliyotumika. Mmisionari Mswidi, E. V. Sjöblom, aliyeyaona hayo, alisimama mbele ya hadhara London mwaka 1897 na kuyasema.

Kwa hiyo kifuniko kilichofungwa si alama ya upole. Ni alama ya mtu ambaye wengine wanaua kwa niaba yake. Baada ya kulielewa hilo tuliona ala hii lazima ishonwe sawasawa, kwa sababu imebeba habari ambayo bastola yenyewe haina.

Ngozi na magome

Sasa tuje kwenye ufundi. Si kila ngozi inafaa. Ngozi nyingi za viatu na makochi siku hizi hutengenezwa kwa chumvi za kromu. Ni laini na hazichukui muda kiwandani, lakini ukizilowesha na kuzifinyanga hazishiki umbo. Ala inataka ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti, ngumu kiasi, ya unene wa milimita 3. Hiyo ikilowa inakuwa kama udongo wa mfinyanzi, na ikikauka inabaki ulivyoiacha.

Uswidi bado ina viwanda vya aina hiyo. Kiwanda cha Tärnsjö, kaskazini ya Uppsala, kilianza mwaka 1873 na kinatengeneza ngozi kwa dawa za mimea. Kule kaskazini kabisa, karibu na Piteå, kiwanda cha Böle kinatumia magome ya msprusi, mti wa misitu ya huku. Bei ya ngozi hizi si mchezo. Mwenye busara hununua vipande vilivyobaki, kwani ala moja inataka kipande kisichozidi sentimita 50 kwa 40.

Lakini magome si habari ya Ulaya peke yake. Pale Njombe kampuni ya miwati, TANWAT, imekuwepo tangu mwaka 1949, na dawa itokayo kwenye magome ya miwati huuzwa kwa viwanda vya ngozi. Kabla ya hapo, tangu enzi ya Wajerumani, magome ya mikoko yalikatwa katika delta ya Rufiji na kupelekwa Ulaya kwa kazi hiyo hiyo. Delta hiyo haiko mbali na milima ya Matumbi, ambako Maji Maji ilianza Julai 1905. Ukishika ngozi ya magome mkononi, ujue hata dawa yake ina historia yetu ndani.

Kupima

Huwezi kushona ala bila kitu cha kuweka ndani. Tulichonga rivolva ya mbao, kwa mti wa björk unaopatikana hapa kila mahali, tukifuata vipimo vya ile fupi ya mwaka 1883. Mbao haikuchongwa kila undani. Kinachotakiwa ni umbo la nje: mtutu, uvimbe wa silinda, kizingio cha triga, nyundo na mpinde wa mpini. Picha za ala za zamani zinapatikana kwenye tovuti ya DigitaltMuseum, ambako makumbusho za Uswidi huweka mikusanyo yao, na ukitaka kuona vifaa vya jeshi kwa macho yako, Armémuseum iko Riddargatan, katikati ya Stockholm.

Anza na karatasi ngumu kabla ya kugusa ngozi. Ala ina vipande viwili vikubwa. Kipande cha mgongo ni kirefu, kwa sababu kinapanda juu, kinapinda na kushuka mbele kuwa kifuniko. Kipande cha uso ni kifupi lakini kipana zaidi, kwa sababu ndicho kinachopanda juu ya silinda. Hapa wengi hujikwaa. Rivolva ina unene wa kama sentimita 4 kwenye silinda, si bapa kama kisu. Ukikata vipande viwili sawasawa, ngozi itabana na haitafika kwenye mshono.

Laza mfano juu ya karatasi, uchore mzunguko wake. Kwa mgongo ongeza sentimita 1 pembeni kwa ajili ya mshono. Kwa uso ongeza sentimita 2 zaidi kila upande palipo na silinda, ukipunguza taratibu kuelekea mdomo wa mtutu. Kwa kifuniko ongeza kama sentimita 14 juu ya mpini, ili kipinde bila kubana na kishuke hadi katikati ya uso. Kata karatasi, ikunje, ibane kwa vibanio, uweke mfano ndani. Karatasi ikikataa, ngozi itakataa pia. Rudia mpaka ikubali.

Kukata na kushona

Ngozi hukatwa kwa kisu kikali, kwa mkato mmoja mrefu. Kisu butu hutafuna. Kabla ya kuunganisha vipande viwili, shona kwanza vile vitu ambavyo baadaye hutavifikia: vitanzi viwili vya kupitishia mkanda nyuma ya mgongo, ukanda mdogo wa kufungia, na kifungo cha shaba mbele. Vitanzi vishonwe na pia vigongewe ribiti juu na chini, maana ndivyo vinavyobeba uzito wote.

Kati ya mgongo na uso, pale kwenye mshono, weka ukanda mwembamba wa ngozi. Huu hauonekani, lakini ndio unaookoa uzi. Bila huo, chuma cha bastola husugua nyuzi kila kinapoingia na kutoka, na baada ya muda ala hufumuka.

Mshono wenyewe ni wa sindano mbili na uzi mmoja. Toboa kwa msharasi, tundu moja kila milimita 4. Ala yetu ina mshono wa sentimita 45, maana yake matundu kama 110. Kata uzi wa kitani wenye urefu wa mara nne ya mshono, yaani mita 1 na sentimita 80 pamoja na wa akiba kidogo, uupake nta ya nyuki, na utie sindano kila ncha. Sindano ya kulia ipite tundu, ya kushoto ipite tundu hilo hilo kutoka upande wa pili, kisha vuta zote kwa nguvu sawa. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili zinazokamatana katikati, na moja ikikatika mshono unaweza kuachia. Huu wa sindano mbili, uzi ukikatika mahali pamoja, kwingine kote kunashika.

Aliyewahi kukaa karibu na fundi wa makubadhi kule Lamu au Unguja hatashangaa, kwani kushona ngozi kwa mkono si ugeni kwetu. Na watoto wetu walitushangaza wao. Katika shule za Uswidi kazi za mikono, ziitwazo slöjd, ni somo la lazima kwa wavulana na wasichana. Mtoto wa miaka 12 wa hapa ameshashika sindano, patasi na msasa. Tulipowapa ukanda wa mazoezi, walishona matundu kumi ya kwanza vizuri kuliko baba zao.

Kulowesha na kukausha

Mshono ukiisha, ala inafanana na bahasha. Umbo linakuja sasa. Itumbukize katika maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yaache kutoka. Maji ya moto usiyatumie, yanaikunja ngozi na kuifanya ngumu kama ukoko. Itoe, iache mpaka rangi yake ianze kurudi. Funga mfano wa mbao kwa karatasi ya nailoni, uusukume ndani, kisha anza kufinyanga kwa vidole gumba na kwa mpini wa kijiko cha mfupa au cha mti. Fuata silinda, shuka kwenye mtutu, rudi kwenye kizingio cha triga. Usitumie kitu chenye ncha. Ngozi mbichi hukumbuka kila kucha.

Pinda kifuniko kingali kibichi, ukifunge kwa ukanda wake, na uache. Hapa subira inahitajika, maana haraka haraka haina baraka. Nyumba za huku wakati wa baridi zina hita kila chini ya dirisha, na mtu hushawishika kuiweka ala juu yake ikauke upesi. Ngozi iliyokaushwa kwa moto hupasuka kwenye mpindo wa kifuniko, mahali panapofanya kazi kuliko pote. Iache kwenye hewa ya chumba, mbali na hita, siku mbili au tatu.

Ikikauka, sugua kingo kwa msasa laini, zipake maji kidogo na uzisugue kwa kitambaa mpaka zing'ae. Paka rangi ya kahawia ukitaka, halafu mafuta ya kwato za ng'ombe kwa uchache, na mwisho nta ya nyuki. Mafuta mengi huilegeza ngozi na umbo lote hupotea. Ukiona ukungu wa kijani kuzunguka kifungo cha shaba usishtuke, ni shaba na mafuta ya ngozi vinavyokutana. Futa tu.

Onyo moja kwa wenye vitu vya zamani vya babu. Usihifadhi chuma ndani ya ala ya ngozi kwa miaka. Ngozi hushika unyevu na ina tindikali, na chuma huliwa humo kimya kimya.

Swali la mama jirani

Wakati ala iko mezani inakauka, mama mmoja jirani yetu aliingia, akaitazama, akaisifu kazi. Halafu akauliza, "Sasa wanangu, na hiyo bastola yenyewe itakuwa inakaa wapi?"

Halikuwa swali la bure. Agosti 2020 binti wa miaka 12 aliuawa kwa risasi hapo Norsborg, vituo viwili kutoka kwetu, katika ugomvi ambao haukumhusu hata kidogo. Na Agosti 2, 2018, mtaa wa Vasastan katikati ya Stockholm, polisi walimpiga risasi na kumwua kijana wa miaka 20 mwenye ulemavu, ambaye alishika bunduki ya kuchezea. Polisi walioshtakiwa waliachiwa huru mwaka 2019. Usiku, kutoka mita kumi, mbao iliyopakwa rangi nyeusi na chuma havina tofauti. Mtoto mweusi anayetoka kwenye mazoezi ya maigizo na bastola bandia mfukoni hapewi muda wa kueleza habari za mwaka 1905.

Sheria nayo ijulikane. Sheria ya silaha ya Uswidi, ya mwaka 1996, inasamehe kibali kwa silaha zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1890 ambazo hazikukusudiwa risasi kamili za kisasa, zile zenye ganda, baruti na kichwa pamoja. Wengine husikia nusu ya kwanza tu. Rivolva ya Kijerumani ya 1879 na Nagant ya 1887 zote zinatumia risasi kamili, kwa hiyo uzee wake hauzisaidii, kibali kinatakiwa. Na nakala mpya za silaha za baruti zinazoweza kufyatua, hata zikiwa na sura ya kale, nazo zinahitaji kibali cha polisi. Mwenye shaka awaulize polisi kabla ya kununua, si baada ya mzigo kufika forodhani.

Tulikaa chini tukaafikiana. Ile rivolva ya mbao imemaliza kazi yake, ilikuwa kalibu tu. Imefungiwa kabatini kwa mtu mzima mmoja, na haitoki nje. Ndani ya ala tumegandisha gogo la mbao lenye umbo lile lile, lisilo na mpini wala triga, na kifuniko tumekishona kabisa. Kwa nje hutajua. Uzito upo, uvimbe wa silinda upo, kifungo cha shaba kinang'aa. Ila hakuna cha kuchomoa.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa sahihi zaidi kihistoria. Tulipoanza mazoezi, kijana anayeigiza ofisa alitaka kuipapasa ala kila anapokasirika, kama alivyoona kwenye sinema. Tulimwambia mkono usiende huko hata mara moja. Asimame wima, anyooshe kidole, aseme neno moja. Askari ndio watakaonyanyua fimbo zao na kulenga.

Tulipofanya hivyo ukumbi ulinyamaza. Serikali ya Wajerumani yenyewe ilikadiria waliokufa katika Maji Maji kuwa 75,000, na wapo wanahistoria wanaofika 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 1, 2023 na kuomba msamaha. Tarakimu hizo watoto walikuwa wameshazisikia kwetu, zikaingia sikio hili na kutokea lile.

Safari hii binti mmoja wa miaka 10, anayeigiza askari, alishusha fimbo yake akauliza kwa nini yeye, Mwafrika, ndiye anayepiga, na yule mwenye bastola hapigi.

Mazoezi yalisimama jioni ile yote. Tulikaa kwenye duara, wakubwa kwa wadogo, tukianza kulijibu.